Ubao wa Marehemu

Juzi mpwa wangu, ambaye na vijana wenzake wanatengeneza michezo ya kuchezwa kwenye simu, alinitumia orodha ya maneno nimsaidie kuyaweka katika Kiswahili kinachoeleweka. Wachezaji wao wametawanyika kila kona ya nchi, wanacheza pamoja bila kuonana, na wengi wao walikuwa wakilalamika kwamba maandishi ya kwenye kioo hayasomeki kama lugha ya watu. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Anza. Rudi nyuma. Mwalike rafiki. Nilikuwa namjibu huku napika. Nilipofika neno la kumi na mbili nikazima jiko. Alikuwa ameandika kwamba mchezaji akishindwa, wenzake wote walione jina lake na pembeni neno "marehemu", maana litachekesha.

Nilimpigia simu hapo hapo nikamkaripia kama mtoto wa darasa la pili. Nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Maskini, hakuelewa kosa lake. Akaniuliza taratibu, shangazi, kwani kuna nini? Nilishindwa kumweleza kwenye simu, nikamwambia nitaandika.

Baba yake, yaani kaka yangu, ndiye aliyeleta gemu ya kwanza niliyowahi kuiona Mpanda. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni na sisi tulikuwa bado mkoa wa Rukwa. Alishuka nayo kwenye treni ya Tabora akiwa ameifunga ndani ya mablanketi mawili: TV ndogo, mashine yenyewe, pedi mbili za kuchezea na kaseti tano. Akaondoa mizigo kwenye chumba kilichokuwa ubavuni mwa duka lake la vipuri vya baiskeli, karibu na soko, akaweka mabenchi na jenereta ndogo uani, akaniambia chumba ni changu nikiendeshe. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimefundisha miezi michache shule moja huko Kakese kuziba nafasi ya mwalimu aliyekuwa amejifungua, na nilikuwa nimerudi nyumbani na ujuzi mmoja tu wa maana. Nilijua kuita mahudhurio.

Ujuzi huo ulihitajika. Wiki ya kwanza chumba kile kilikuwa vurugu tupu. Maneno yote ya kwenye TV yalikuwa ya Kiingereza, na vijana walikuwa wakibonyeza kitufe chochote kinachobonyezeka, kwa hiyo kila baada ya dakika tano mtu anaurudisha mchezo mwanzo na mwenzake anataka kumnyonga. Foleni ilikuwa ya ndala. Ukifika unavua ndala moja unaiweka kwenye mstari, na zamu yako ni zamu ya ndala yako. Sasa weka ndala ishirini za buluu mlangoni halafu geuka uangalie TV. Ukirudi kutazama, ya kwako iko mwisho na hakuna aliyeigusa. Na matusi. Mtu akipigwa ngumi ndani ya TV, anayetukanwa ni mama wa aliyepiga, ambaye yuko nyumbani kwake anapepeta mchele.

Nilishughulika na mambo hayo moja baada ya jingine, na nakiri kwamba kazi ile niliipenda kuliko kufundisha. Nilichukua karatasi ya manila nikachora pedi kubwa na vitufe vyake vyote, na kwa kila kitufe nikaandika kazi yake: hiki teke, hiki ngumi, hiki cha katikati usikiguse bila kuniuliza. Nikaibandika pembeni ya TV. Chini yake nikaandika sheria ya matusi, kwamba mchezo unaishia kwa mchezaji, na anayemtaja mama wa mtu anatoka nje siku nzima. Ndala nikazirudisha miguuni mwa wenyewe. Nikapata kipande cha mbao, nikakipaka masizi yaliyochanganywa na unga mweusi wa betri za tochi zilizokufa, kikawa ubao, na kuanzia siku hiyo zamu ikaandikwa kwa chaki na mwandiko wa mwalimu.

Majina yalinisumbua kidogo. Wateja wangu wengi walikuwa vijana wa Kisukuma ambao familia zao zilihamia na ng'ombe kutoka kaskazini, na watatu kati yao walikuwa na jina moja lile lile. Nikiliita, wanasimama watatu na hakuna anayekubali kukaa. Nikaamua kila mtu aandikwe majina yake matatu, la kwake, la baba na la babu, kama kwenye daftari la shule. Walipenda sana. Wengine hawakuwa wamesikia majina yao matatu yakiitwa kwa sauti tangu walipoacha masomo.

Kuhusu neno lenyewe, sikulitunga mimi. Mchezo uliopendwa ulikuwa wa kupigana, watu wawili uwanjani, kila mmoja na roho tatu. Hakuna aliyekuwa akisema ameshindwa. Walisema nimekufa, umeniua, ngoja bado nina roho moja. Kwa hiyo nilipougawa ubao sehemu mbili, kushoto nikaandika WALIO HAI, na kulia, kwa wale waliokwisha kutolewa, nikaandika MAREHEMU. Chumba kizima kilicheka mpaka mtu akadondoka kwenye benchi. Wakaomba niongeze na aliyemuua, ili ubishi uishe, na mimi nikaongeza. Kaka yangu alipita jioni akausoma ubao, akasimama kidogo, akasema lile neno la kulia hajalipenda. Nikamjibu kwamba ndivyo wanavyosema wenyewe. Kaka si mtu wa kubishana na mimi, aliacha zamani sana.

Mvua zilipoanza, chumba kikawa tanuri. Bati juu, mvuke chini, na wanaongoja zamu wamejazana mlangoni wakiwapumulia wanaocheza visogoni. Ndipo nilipopata wazo ambalo nililionea fahari kuliko yote. Nikautoa ubao nje, nikautundika ukutani kwenye baraza, nikaweka benchi chini yake. Mtu anasoma zamu yake akiwa nje, anapigwa na upepo, anasogea ndani akiitwa. Kwa wiki tatu hakukuwa na ugomvi hata mmoja. Watu wa sokoni walipita mbele ya ubao ule asubuhi na jioni na sikuwafikiria hata kidogo. Nilikuwa nawafikiria wachezaji tu.

Jumamosi moja asubuhi walikutana wachezaji wangu wawili wakubwa. Mmoja alikuwa mchukuzi, kijana mrefu wa kutoka kijiji cha Kasokola, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma, aliyekuja mjini kupakia na kushusha magunia kwenye malori. Kicheko chake ulikisikia ukiwa sokoni. Mwingine alikuwa fundi pikipiki, Mfipa, mpole, aliyekuwa na kibanda chake upande wa pili wa barabara, na ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Walikuwa hawajawahi kushindanishwa, na habari ilikuwa imezagaa. Hata waliokaa barazani waliacha benchi wakasimama wameelekea mlangoni, kimya, wengine wameshika vichwa.

Fundi alishinda kwa teke moja la mwisho. Nikatoka nje na chaki, nikaandika upande wa kulia majina matatu ya mchukuzi, na mbele yake, ameuawa na, halafu majina matatu ya fundi. Mchukuzi akasoma, akasonya, akasema lori la kwenda Kibaoni linamsubiri akapakie mpunga, akaondoka anatembea haraka. Fundi akanunua soda akaketi barazani kuinywa. Akaingia mwingine kucheza, wale wa mlangoni wakabaki wamesimama vile vile, na haikupita nusu saa jenereta ikakohoa ikazima. Petroli ilikuwa imekwisha, na wiki ile petroli ilikuwa adimu kwa sababu magari yalikuwa yamekwama njiani.

Kilichotokea katikati ya nusu saa hiyo sikukiona. Nilikuja kuhadithiwa baadaye na kijana aliyekuwa mlangoni, na alinihadithia akilia.

Alipita mzee mmoja wa Kasokola na baiskeli yake. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye masomo ya watu wazima, na mtu wa namna hiyo hapiti mbele ya maandishi bila kuyasoma. Akasimama. Akasoma silabi kwa silabi, kidole hewani, mpaka akamaliza majina matatu, na yalikuwa ya mtoto wa jirani yake. Mbele yake kulikuwa na kundi la wanaume wamesimama kimya wameshika vichwa. Akavua kofia. Akamwuliza kijana wa mlangoni, huyu amekufa lini? Kijana, macho yako ndani kwenye TV, akajibu bila kugeuka kwamba sasa hivi tu. Amekufa na nini? Mateke. Na aliyemuua? Kijana akanyoosha kidevu kuelekea kwenye benchi, akasema yule pale, anakunywa soda.

Mzee akamwangalia fundi akinywa soda. Halafu akapanda baiskeli.

Saa nane mchana mvua ilikuwa imekatika na mimi nilikuwa nasukuma matope barazani kwa fagio. Nikasikia soko limenyamaza. Nilipoinua kichwa niliona wanaume kama ishirini wanakuja, fimbo mikononi, hawasemezani. Nimekulia Mpanda, nawajua Wasukuma wakija kununua, wakija harusini, wakija kugombana. Wakija kugombana wanapiga kelele. Hawa walikuwa kimya.

Aliyetangulia alikuwa kaka wa mchukuzi. Wanafanana, ila huyu hakuwa na kicheko. Akasimama mbele yangu na kuniuliza:

"Mwili uko wapi?"

"Mwili gani?"

Akainua fimbo, akaigusisha kwenye ubao, chini ya jina la mdogo wake. Akaniuliza kama ule ni mwandiko wangu. Nikasema ni wangu. Hapo ndipo nilipousoma ubao wangu kwa mara ya kwanza kama anavyousoma mtu mwingine.

Wenzake watatu walikuwa wameshavuka barabara. Walimkuta fundi amechuchumaa na kabureta mkononi, wakamnyanyua kwa mabega, wakamleta barazani. Hakupigana. Aliniangalia mimi tu, kama mtu anayengoja nimtajie kosa lake. Kaka yangu alikuwa amekwenda msibani, msiba wa kweli, huko Kakese, na wateja wangu wote, wale mashujaa wa mateke, waliyeyuka. Nilibaki peke yangu na fagio.

"Hajafa," nikasema. "Amekufa kwenye gemu."

Yule kaka akafikiri. "Gemu ni wapi?"

Nikamwambia si mahali. Nikamwambia ni ndani ya TV. Akamgeukia mzee mmoja nyuma yake wakasemezana Kisukuma, na nilichoambulia ni kwamba sasa ndugu yao hayuko Gemu, yuko ndani ya TV, na binti huyu amechanganyikiwa. Aliyemshika fundi akaukaza mkono kwenye kola. Nikawaambia waingie niwaoneshe, wakaingia sita, wakajaza chumba, na TV ilikuwa kioo cheusi chenye sura zetu. Petroli hakuna. Sijawahi kuichukia mashine kama nilivyoichukia ile siku ile.

Ni fundi aliyeniokoa, huku ameshikwa mikono yote miwili. Alisema kwa sauti yake ile ya chini kwamba kibandani kuna pikipiki ya mteja ina mafuta, na mpira wa kunyonyea umetundikwa kwenye msumari. Nikakimbia. Nikauingiza mpira kwenye tangi nikavuta kwa mdomo, mafuta yakanijia mpaka kooni, nikatema, nikavuta tena. Nilijaza chupa moja ya soda, ile ile aliyonywea fundi asubuhi. Jenereta niliivuta kamba mara nne ndipo ikawaka.

Nikamkalisha yule kaka kwenye benchi nikamwekea pedi mikononi. Fimbo yake akailaza mapajani. Fundi akakalishwa pembeni yake, wakamwachia mikono lakini wakasimama juu yake. Nilikuwa nimepanga fundi ashinde, yule kaka aone mtu wake wa kwenye TV akianguka, aelewe. Lakini mikono ya fundi ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba hakuweza kubonyeza chochote. Yule kaka akabonyeza ovyo, kitufe hiki na kile, na mtu wake akarusha teke, na jingine, na mtu wa fundi akapoteza roho ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaanguka chali.

"Umemuua," nikamwambia.

Wote waligeuka wakamtazama fundi. Alikuwa pale, anahema, jasho linamtiririka shingoni. Yule kaka aliitazama pedi, akamtazama fundi, akaitazama tena pedi. Kisha akaiweka sakafuni polepole.

Akauliza mdogo wake yuko wapi kama hajafa. Nikasema Kibaoni, kwenye lori la mpunga. Mzee mmoja akasema TV inaweza kuonesha chochote, yeye mwenyewe aliwahi kuona humo mtu akiruka angani. Wengine wakaguna kukubali. Lakini yule kaka akanyanyua mkono wakanyamaza.

"Mimi nimeelewa," akasema. "Mama hataelewa hiki. Mama ataelewa akimwona mtoto wake. Huyu tunakwenda naye mpaka hapo."

Mimi nikasema kama fundi anakwenda na mimi nakwenda, na sikusema kwa ushujaa. Niliona aibu kubaki. Aliyeandika ni mimi.

Tulifika Kasokola jua likiwa bado juu. Mikeka ilikuwa imetandikwa uani, wanawake wamekaa, na mama yake mchukuzi alikuwa katikati amejifunga kitambaa kiunoni. Alikuwa amelia tangu saa sita mpaka sauti ikamkauka. Fundi alikalishwa upande wa wanaume, wakalaza fimbo moja chini mbele ya miguu yake, wakamwambia asiivuke. Hawakumpiga. Walimpa hata maji. Nilipogeuka niliona nyuma ya nyumba majembe mawili yameegemezwa ukutani, na udongo mwekundu uliotoka kuchimbwa, na vijana wanakung'uta mikono. Walikuwa wameshachimba.

Nilipiga magoti mbele ya mama nikasema nilichoweza kusema. Nilisema mtoto ni mzima, nilisema ni mchezo, nilisema Kibaoni. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, kwa sauti iliyokuwa pumzi tupu, kama ni mimi niliyeandika. Nikasema ndiyo. Akaushika mkono wangu wa kulia, akaufungua, akaviangalia vidole vilivyokuwa bado na chaki kwenye kucha. Hakuuachia. Nilikaa pale mkono wangu ukiwa ndani ya mikono yake, na hakuniuliza kitu kingine, na laiti angenipiga.

Hofu iliyonishika pale ilikuwa mpya. Mpaka saa hizo nilikuwa na uhakika wa jambo moja, kwamba mchukuzi yuko hai. Lakini niliijua njia ya Kibaoni wakati wa mvua. Inapita porini, malori yanateleza, mengine yanapinduka na wapakiaji wako juu ya magunia. Hakukuwa na simu ya kumpigia. Nikaanza kufikiri: je, kama kweli? Kama lori limelala mtaroni na yeye yuko chini yake, basi mimi nimemwandika saa chache kabla, na fundi hatatoka kwenye uwanja huu. Nilimtazama fundi nikaona anawaza hilo hilo. Niliomba kwa maneno ambayo sikuwa nimeyatumia tangu nipate kipaimara. Usiku ule sitausimulia, ulipita kwa kuwa usiku hauna budi kupita.

Asubuhi wanaume walianza kusemezana kwa ukali. Baadhi walitaka kwenda polisi, baadhi hawakutaka polisi. Fundi alikuwa hajaivuka fimbo, hata kujisaidia alikwenda akisindikizwa. Jua lilipofika utosini, watoto waliokuwa njiani wakaanza kupiga mayowe, wakaja mbio uani wakajificha nyuma ya mama zao. Wakasema wamemwona marehemu kwenye baiskeli.

Alikuja amepakizwa nyuma, na mfuko wa mchele wa Mpimbwe, wa huko huko Kibaoni, begani. Lori lilikuwa limerudi asubuhi salama, na mjini mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa amemkimbia, wa pili akampa pole. Alishuka, akaiona mikeka, akawaona watu, akajaribu kucheka kicheko chake. Hakuna aliyemwunga mkono, kikamfia mdomoni.

Mama yake aliuachia mkono wangu, ambao tangu jana alikuwa akiushika tena kila niliporudi kuketi. Alisimama, akatembea mpaka kwa mwanawe, akamshika mikono, akambinyabinya kuanzia viganjani mpaka mabegani kama anayechagua kuku sokoni. Akamshika masikio. Akaweka kiganja kifuani kwake akangoja. Alipokwisha kuusikia moyo, akakaa pale pale kwenye matope, na mwanawe naye akakaa.

Yule kaka akaenda akaiokota fimbo mbele ya fundi. Fundi akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba, nikamsikia anatapika. Shimo wazee hawakutaka kulifukia hivi hivi. Walikata mgomba wakaulaza ndani ndipo wakarudisha udongo, kwa sababu, nilivyoambiwa, limechimbwa kwa jina la mtu na haifai liachwe likimngoja. Mchukuzi alisimama akatazama udongo unavyorudi. Nilimtazama yeye, na bado naiona sura ile mpaka leo.

Fundi hakucheza tena. Tulipokutana barabarani alinisalimia kama zamani, kwa upole ule ule, na upole ule uliniumiza. Nilimwomba radhi mara mbili. Mara zote mbili alisema hakuna neno, dada, na akageukia spana zake.

Ubao niliufuta kwa maji na sabuni. Kaka yangu hakuniambia kitu kuhusu neno la kulia, ingawa alikuwa na haki. Tulikaa barazani tukitafuta neno jingine. Nikasema tuandike WALIOPUMZIKA. Tukatazamana, maana ndivyo tulivyoandika kwenye msalaba wa baba. WALIOTOKA, nikasema, na mwenyewe nikasikia, ametutoka. WALIOONDOKA. WALIOTANGULIA. WALIOLALA. Kila neno la heshima nililolishika, chini yake kulikuwa na mtu amefunikwa shuka. Sikuwa nimejua kwamba lugha yangu imekificha kifo mahali pengi hivyo. Karibu jua lizame ndipo nilipopata. Nikaandika WANAOSUBIRI ZAMU, na nikajisikia nafuu, kwa sababu yeyote anayeweza kusoma neno hilo hawezi kudhurika nalo.

Wiki mbili baadaye, siku ya soko, alikuja mama yake mchukuzi. Alikuwa na kapu la karanga kichwani na sauti yake ilikuwa haijarudi vizuri. Nikaacha nilichokuwa nafanya, nikampokea kapu, nikamletea kiti. Hakukaa. Alisimama mbele ya ubao, na kwa kuwa hakujua kusoma aliniomba nimsomee, yote, kuanzia juu.

Nikamsomea walio hai, mmoja mmoja, majina matatu matatu. Nikahamia upande wa kulia. Jina la kwanza lilikuwa la mwanawe. Asubuhi hiyo alikuwa ameshacheza na kushindwa, akaenda sokoni kushusha magunia, akisema atarudi. Mama aligusa ukuta chini ya jina hilo, si jina lenyewe.

"Na hawa huku wanafanya nini?"

"Wanasubiri zamu, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma.

Nilimwona akiligeuza neno lile, na nikalisikia mimi pia, maana kuna zamu moja ambayo kila mtu anaisubiri, nikataka kulirudisha mdomoni. Akaniuliza mwanawe ni wa ngapi. Nikasema ni wa kwanza.

"Basi mwandike wa mwisho," akasema.

Nikachukua kitambaa nikafuta, nikamwandika chini kabisa, pale ubao unapoishia. Akataka nimwoneshe tena lilipo, nikamwonesha, ndipo akajitwika kapu lake akaenda sokoni. Mchukuzi aliporudi alinilalamikia sana, dada mimi nilikuwa wa kwanza, na alinilalamikia kila siku aliyokuja kwa miaka miwili iliyofuata. Hata awe amefika kabla sijafungua mlango, jina lake lilikaa pale chini mpaka siku tulipokifunga chumba kile, na sikuwahi kumwambia ni nani aliyemweka.